Andika Tarehe: Afya na Haki ya Mwanamke Mweusi Kazini Marekani

Shikamooni mama zetu mliokaa mbele. Dada zangu na wadogo zangu, habari za kazi. Wapo humu waliotoka zamu ya usiku saa moja asubuhi na jioni wanarudi kuingia, kwa hiyo sitazunguka.

Nianze na karatasi moja. Mwaka 2006, katika nyumba ya wazee mjini Plainfield, Indiana, kila mhudumu alikuwa akipewa karatasi ya zamu: chumba gani, mkazi gani, anahitaji nini. Kwenye mstari wa mkazi mmoja paliandikwa kwamba hapendi kuhudumiwa na CNA weusi, yaani wahudumu wa wagonjwa wenye cheti. Brenda Chaney, CNA mweusi, aliifuata, kwa sababu ndiyo iliyokuwa amri ya kazi. Siku moja akamkuta mama yule sakafuni, hana nguvu za kusimama. Ikambidi alizunguke jengo akitafuta mhudumu mweupe wa kumwinua.

Kesi yake ilifika mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 7, na mwaka 2010 majaji wakaamua kwamba mwajiri hana ruhusa ya kugawa kazi kwa rangi ili kumridhisha mteja. Utaratibu wenyewe haukubishaniwa mahakamani. Ulikuwa umeandikwa.

Ubaguzi wa kuandikwa namna ile ni nadra. Mwingi unasemwa koridoni, au hausemwi kabisa: unashtukia wikiendi zote ni zako, na wanaopelekwa mafunzo ya kupanda cheo ni wale wale. Bosi asipoandika, inabidi uandike wewe. Mwili nao ni hivyo hivyo. Daktari anakuona kwa dakika chache, anakuuliza presha ikoje, unamjibu "iko sawa tu", na nafasi imepita. Ndiyo maana leo ninazungumzia madaftari mawili, la mwili na la kazi. Tukisikia neno kujitunza tunafikiria mishumaa yenye harufu na kupaka rangi kucha. Pakeni, zipendeze. Ila mshumaa haukurudishii siku uliyokatwa mshahara.

Daftari la mwili tulianze na presha. Wanawake weusi nchini humu huanza kupata presha wakiwa na umri mdogo kuliko weupe. Mwaka 1992 mtafiti Arline Geronimus alitoa hoja kwamba msongo wa kila siku wa kuishi katika jamii inayokubagua huuchakaza mwili kabla ya wakati wake. Mtu aliyeona bati la jikoni kule nyumbani anaelewa: halitoboki siku moja.

Mashine nunua ya kufunga mkono wa juu, usichukue ya kifundo. Kabla ya kulipa, chukua utepe wa fundi cherehani ujipime mzingo wa mkono, katikati ya bega na kiwiko. Kitambaa cha kawaida kinachokuja na mashine mara nyingi ni cha sentimita 22 hadi 32. Mkono wa sentimita 36 unataka kikubwa. Kitambaa kidogo kikibana mkono mnene, namba inapanda kupita ukweli, na unaweza kuongezewa dawa usiyohitaji. Kliniki nyingine hawajisumbui kubadilisha. Wewe sema: "Naomba kitambaa kikubwa." Hakuna utovu wa adabu hapo.

Nusu saa kabla ya kupima usinywe chai wala kahawa. Nenda haja ndogo. Kaa dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili sakafuni, usikunje nne, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Usiongee. Hapo ndipo wengi tunapoharibu: simu ya nyumbani inaita, unapokea, unaambiwa ada ya mtoto haijalipwa, halafu unashangaa namba. Pima mara 2 ukiacha dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na tena jioni, siku 7. Anayefanya usiku, asubuhi yake ni pale anapoamka, hata kama ni saa tisa alasiri. Aandike pembeni "baada ya kulala". Namba zote ziandikwe, hata ile iliyokuudhi.

Kwa mwongozo unaofuatwa na madaktari wengi Marekani tangu 2017, wastani wa 130 kwa 80 kwenda juu ni presha tayari. Ikifika 180 kwa 120 na kifua kinauma, pumzi inakatika, au upande mmoja wa mwili umelegea, piga 911, usisubiri zamu iishe. Kwa mama mjamzito au aliyejifungua karibuni mstari uko chini zaidi: 160 kwa 110 ni dharura hata kama hujisikii vibaya, na hatari hiyo inaweza kuendelea mpaka wiki 6 baada ya kujifungua. Kichwa kisichotulia, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia: ukipiga simu anza na sentensi moja, "nimejifungua siku 9 zilizopita", ndipo utaje maumivu. Mwaka 2023, kwa takwimu za CDC, kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, wanawake weusi 50.3 walikufa kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Kwa weupe walikuwa 14.5. Elimu na pesa hazitukingi kama tunavyodhani. Serena Williams mwenyewe, alipojifungua mwaka 2017, ilibidi asisitize achunguzwe mapafu, na damu iliyoganda ikakutwa humo.

Sasa dawa na kazi zinavyogongana, jambo ambalo halisemwi sana. Vidonge vingi vya presha vya kuanzia ni vya kukojoza, kama hydrochlorothiazide. Ukikimeza saa kumi na mbili asubuhi ukaingia zamu ambayo hakuna wa kukushikia wakazi wako uende chooni, siku ya tatu utaanza kukiruka. Usikiruke kimya kimya. Mwambie daktari: "Kazi yangu hainipi choo mpaka saa nne." Anaweza kubadilisha saa ya kumeza, au dawa yenyewe. Jambo la pili ni dawa za maumivu, Advil na Aleve. Mgongo umeuma kwa kuinua watu, unameza mbili kila zamu, na dawa za kundi hilo zinapandisha presha na kuchosha figo. Ziandike kwenye daftari pamoja na zile za daktari, maana ukiulizwa "unatumia dawa gani" hizo huzitaji.

Chumvi nitaipitia haraka. Kiwango cha juu cha sodiamu kwa siku ni miligramu 2,300. Pakiti moja ya tambi za kuloweka, ile ya kula umesimama chumba cha mapumziko, mara nyingi inakaribia 1,500 peke yake. Na ile Royco iliyokuja kwenye sanduku kutoka nyumbani nayo imejaa chumvi.

Halafu hedhi. Utafiti uliotolewa mwaka 2003, uliowapima wanawake kwa ultrasaundi, ulionyesha kwamba kufikia miaka 50 zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi huwa na fibroidi, yaani vimbe vya kizazi visivyo saratani. Kwa wengi hazisumbui. Zikisumbua, tumezoea kusema "kwetu tunatoka damu nyingi, hata mama alikuwa hivyo." Basi hesabu. Pedi inayojaa ndani ya saa 1, kwa saa kadhaa mfululizo, si kawaida. Siku zaidi ya 7 si kawaida. Mabonge makubwa si kawaida. Andika idadi ya pedi kwa siku, miezi 3, umpelekee daktari, na uombe vipimo viwili, hemoglobini na feritini. Hemoglobini chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito ni upungufu wa damu. Feritini ndiyo akiba ya madini ya chuma, na inaweza kuwa imekwisha wakati hemoglobini bado inadanganya kwamba uko vizuri. Ule uchovu bosi anaouita uvivu mara nyingine ni huo. Ukipewa vidonge vya chuma, vimeze na maji ya chungwa. Usivimeze na chai. Chai inazuia chuma kuingia mwilini, na sisi chai ndiyo maji yetu. Wacha zipite saa 2.

Tuingie daftari la kazi. Mstari mmoja uwe hivi: tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe, nani alikuwepo, nini kilifuata. Mfano: "Jumanne tarehe 4 Machi 2025, 2:40 PM, chumba cha dawa. Supavaiza alisema: 'Nywele hizo zinawatisha familia za wakazi.' Alikuwepo nesi wa zamu. Nilijibu kwamba zimefungwa kufuata sera. Tarehe 7 ratiba ikatoka, nimepangiwa wikiendi ya 3 mfululizo." Usiandike "alinidharau." Hiyo ni hukumu yako, na wakili wa upande wa pili ataitafuna. Maneno yaliyosemwa yaandike kwa lugha yaliyosemwa. Na saa andika za Kimarekani! Ukiandika saa nane ukimaanisha saa zetu, kisha mkalimani akaiweka kuwa 8, itapishana na mashine ya kugonga saa ya kuingia kazini, na utaonekana mwongo kwa jambo la kweli.

Mtego wa pili ni majina ya wagonjwa. Kuna sheria ya siri za mgonjwa, HIPAA, na mhudumu anayebeba nyumbani majina au picha ya faili anampa mwajiri sababu halali ya kumfukuza. Andika "mkazi A". Usiandike hata namba ya chumba. Daftari likae nyumbani au kwenye barua pepe yako binafsi. Lililo kwenye kompyuta ya kazi utalikosa siku ile ile watakapofunga nenosiri lako. Kurekodi kwa simu kunategemea jimbo. Massachusetts, Washington na California, kumrekodi mtu kwa siri kwenye mazungumzo ya faragha kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa. Texas, Ohio, Kentucky na Minnesota, anayezungumza akijua mmoja tu, yaani wewe, inatosha kisheria, ingawa sera ya kampuni bado inaweza kukukataza.

Ukiitwa ofisini ukaambiwa kwa mdomo, siku hiyo hiyo tuma barua pepe fupi: "Asante kwa mazungumzo ya leo. Nimeelewa kwamba nimehamishwa zamu kuanzia tarehe 10 kwa sababu ya mtazamo wangu kazini. Naomba unitajie tukio na tarehe ili nirekebishe." Basi. Hakuna hasira humo, hakuna shutuma. Mwanamke mweusi akipandisha sauti kidogo huku anaitwa mkali, na kesi inageuka kuwa ya sauti yake. Barua pepe haina sauti. Kwa walio maofisini ni dawa hiyo hiyo: ukiambiwa kwenye tathmini "hujajitokeza kama kiongozi", omba kazi moja iliyokosewa na mfano wa ilivyotakiwa iwe. Na wenye vyeo mlio humu, nanyi acheni kuandika tathmini za namna hiyo.

Tarehe zenyewe ndizo zinazotuumiza zaidi. Malalamiko ya ubaguzi yanapelekwa EEOC, tume ya serikali kuu ya usawa kazini, ndani ya siku 180 tangu tendo lilipofanyika, au siku 300 kwenye majimbo yenye ofisi yao ya haki kama Minnesota, Texas, Ohio, Kentucky na Massachusetts. Georgia, Alabama na Mississippi hesabuni 180. Kulalamika HR, yaani ofisi ya wafanyakazi ya kampuni, hakusimamishi saa hiyo. HR watakuambia kwa upole "tunachunguza", utasubiri kwa heshima, na siku ya 301 mlango umefungwa. Sheria hiyo, Title VII ya mwaka 1964, inahitaji mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi. Kwa mwajiri mdogo aliyekubagua kwa rangi ipo nyingine ya zamani zaidi, ya mwaka 1866, inayoitwa Section 1981, isiyojali idadi ya wafanyakazi. Madai mengi ya kazini chini yake yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 4. Na ukiwa umeshalalamika, angalia kisasi. Kisasi ndicho kinacholalamikiwa zaidi EEOC, na kinaweza kushinda hata pale lalamiko la kwanza liliposhindwa.

Likizo ya ugonjwa ya FMLA ya mwaka 1993 ni wiki 12 bila mshahara, kazi yako ikilindwa. Masharti: miezi 12 kwa mwajiri huyo, saa 1,250 ulizofanya katika miezi 12 iliyopita, na mwajiri awe na watu 50 ndani ya maili 75. Sasa tupige hesabu. Saa 24 kwa wiki, mara wiki 52, ni 1,248. Umekosa kwa saa 2, na saa za likizo hazihesabiwi. Anayefanya 20 hapa na 20 kule anachoka saa 40, lakini kila upande ana 1,040, kwa hiyo hana FMLA popote. Kama unajua upasuaji wa fibroidi unakuja, hamishia saa upande mmoja mapema, miezi kadhaa kabla.

Likizo hiyo inaweza kukatwa vipande, siku moja moja, na hapo fomu ndiyo inayoangusha watu. Kwa ugonjwa wako mwenyewe ni WH-380-E. Una angalau siku 15 za kuirudisha. Daktari mwenye haraka anaandika "kadiri itakavyohitajika" na HR wanairudisha. Kaa naye aandike namba: "mara 1 hadi 2 kwa mwezi, kila mara siku 1 hadi 2". Namba hizo zinatoka wapi? Kwenye lile daftari la pedi. Fomu ikirudishwa kwa upungufu, wanapaswa kukupa siku 7 za kuikamilisha. California wanalipa likizo ya familia tangu 2004, Washington 2020, Massachusetts 2021. Fedha hizo zinaombwa jimboni kwa fomu nyingine kabisa, na wengi huacha kuomba wakidhani FMLA imemaliza.

Kwa wajawazito kuna sheria ya PWFA tangu tarehe 27 Juni 2023, kwa mwajiri wa watu 15 na zaidi. Maji ya kunywa karibu, kiti, choo, kupunguziwa kuinua: unaomba, wanazungumza nawe, na hawaruhusiwi kukulazimisha likizo kama kuna njia nyingine. Omba kwa maandishi, hata sentensi mbili. Na anayenyonyesha ana haki ya mapumziko ya kukamua kwa mwaka 1, mahali pa faragha ambapo si choo. Sheria ya Desemba 2022 iliwaingiza hata manesi waliokuwa wameachwa nje. Zamu ya saa 12 ni kukamua mara 3 au 4, kila mara kama dakika 20 na kusafisha vifaa. Andika saa hizo kwenye ratiba, umpe supavaiza kabla hujarudi kazini, kwa sababu ukingoja "nafasi ikipatikana" haipatikani, na ziwa linavimba. Maziwa yanakaa saa 4 nje, siku 4 kwenye friji.

Nywele nazo. Mwaka 2010 dada mmoja huko Mobile, Alabama alinyang'anywa ajira aliyokwisha kupewa kwa sababu hakutaka kukata rasta. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikasema rangi inalindwa, mtindo wa nywele haulindwi. Kwa sababu ya kesi za namna hiyo ikaja CROWN Act, sheria ya kuzuia kubagua mtu kwa mtindo wa nywele zake: California 2019, Massachusetts 2022, Minnesota na Texas 2023. Bunge la taifa halijaipitisha, kwa hiyo ukihama jimbo uliza upya. Mwajiri bado anaweza kudai nywele zifungwe kwa usalama, mradi adai kwa wote. Kabla ya kutia dawa ili kumridhisha mtu, jueni pia kwamba utafiti wa Marekani uliotolewa Oktoba 2022 ulikuta makadirio ya kupata saratani ya kizazi kufikia miaka 70 ni asilimia 1.64 kwa wasiotumia dawa za kunyoosha nywele na 4.05 kwa wanaozitumia mara kwa mara. Utafiti haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, lakini tofauti hiyo inatosha mtu kufikiri.

Mashine 3 za presha ziko meza ya nyuma, na vitambaa vikubwa 2, kwa hiyo mwenye mkono kuanzia sentimita 32 asikubali kile kidogo. Utepe uko pale pale. Waliokunywa chai sasa hivi wakae nusu saa kwanza. Wasiokunywa waanze, na simu ziachwe kwenye mikoba.